Mwasumini wa Uani: Safari katika Viunga vya Dar es Salaam



Mwezi huu twapenda kuwaandikieni habari za mti mdogo mnaoujua nyote, nao ni mwasumini. Sababu ya kuuandikia ni swali tuliloulizwa mara nyingi na Wakristo wapya, nalo ni hili: Je, yampasa mtu aliyekwisha kubatizwa kuung'oa mwasumini ulio uani mwake? Wengine husema kwamba mti huu ni wa watu wa dini nyingine. Wengine husema kwamba maua yake huita pepo. Tena wako wasemao ya kwamba ni ua la kitanda cha arusi, wala halifai mbele ya macho ya Mkristo. Swali hili si la mchezo, maana tumekwisha kuona panga likishikwa kwa ajili yake. Basi tulipokwenda kuzitembelea nyumba za wale waliobatizwa Pasaka, kwanza upande wa Kinondoni, kisha upande wa Temeke, tuliangalia jambo hili kwa makini, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tuufahamu mti wenyewe. Mwasumini ni kichaka kisichopukutisha majani. Majani yake ni ya kijani, yenye kung'aa, nayo hukaa mawili mawili yakielekeana, au pengine matatu matatu. Ukiachwa hutambaa na kuegemea ukuta. Ukikatwa vema husimama kama kichaka cha kimo cha mtu. Maua yake ni meupe, hutoka katika vishada vidogo, na tabia yake ni ya ajabu: hufumba mchana na kufumbua jua likichwa. Usiku kucha hunukia, hata asubuhi huanza kubadilika rangi na kuanguka. Wataalamu wa mimea wa Ulaya nao waliiona tabia hiyo. Linnaeus alipoupa mti huu jina mwaka 1753, aliutia katika kundi aliloliita kwa Kiyunani maua ya usiku. Mwaka 1789 Aiton akauhamisha, akauweka pamoja na ndugu zake katika kundi la Jasminum, ambalo leo lahesabiwa kuwa na aina karibu 200.

Asili ya huu wa uani ni nchi za Bara Hindi. Jina lake latokana na Kiajemi, likapita katika Kiarabu, likafika kwetu likiwa yasmini au asumini. Nalo ndilo jina lile lile walilolichukua watu wa Ulaya. Kwa hiyo tunaposema asumini twatamka neno lililosafiri baharini pamoja na pepo za kaskazi na kusi. Lakini msidhani ya kuwa Afrika haikujaliwa asumini yake yenyewe. Vichakani pwani kuna aina ya mwitu itambaayo, ambayo wataalamu waiita kwa jina la Rio de Janeiro, kwa sababu waliiona kwanza huko Brazil. Baadaye ikajulikana kwamba Wareno waliipeleka huko kutoka Afrika. Hivyo mtoto wa kwetu aliandikwa jina la ugenini.

Na jambo moja zaidi, ambalo Mkristo atalifurahia. Wajuzi wa miti wauhesabu mwasumini kuwa katika jamaa moja na mzeituni. Ndiyo, mzeituni ule ule utoao mafuta ya Krisma, na ambao Bwana wetu alisali chini yake usiku wa kuamkia mateso yake. Hatusemi kwamba mti huwa mtakatifu kwa ajili ya ndugu yake. Twasema tu kwamba anayeuita mti wa shetani haijui jamaa yake.

Sasa twende safarini. Wazee walilitumia neno kiunga kwa maana mbili: ni pembezoni mwa mji, tena ni shamba la miti. Maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu aliyetoka mjini aliingia mashambani mara. Kinondoni na Temeke zilikuwa viunga kwa maana zote mbili, penye minazi, miembe na mihogo. Hata leo mitaa yenyewe yatoa ushahidi kwa majina yake: Mikocheni yakumbuka mikoche, Mkwajuni mkwaju, na Mwembeyanga kule Temeke mwembe. Mwasumini haukuacha jina katika mtaa wowote tuujuao, maana si mti wa njia panda ambao wasafiri huagana chini yake. Ni mti wa ndani, na wanaoujua ni wenye nyumba na jirani.

Mji umekua mno. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Nyumba zimegusana, na minazi mingi imeanguka. Hata hivyo, katika sehemu za zamani za Kinondoni na Mwananyamala ziko bado nyumba za mtindo wa pwani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko, kamba ya nguo na mapipa ya maji. Kiswahili kimetumia neno moja kwa vitu viwili, ua la kunukia na ua wa nyumba. Na katika nyumba hizi vitu hivyo viwili hukaa pamoja. Karibu na ukuta wa bafu, mahali ambapo maji yaliyomwagwa huloweka mchanga, ndipo usimamapo mwasumini.

Kandokando ya barabara kuu za Kinondoni tuliona pia vitalu vya miche. Vijana huipanga miche katika vifuko na vyungu, huinywesha kwa makopo, na kuwauzia wenye bustani. Hapo mwasumini husimama bega kwa bega na mwaridi na miti ya kigeni. Mwenye fedha hununua. Lakini katika nyumba tulizozitembelea hatukukuta hata moja ambamo mwasumini ulinunuliwa. Kila tulipouliza, tuliambiwa jina la mtu: huu nilipewa na mama yule, naye alipewa na shangazi yake.

Huko Mwananyamala tulimwamkia bibi mmoja Mwislamu, jirani wa jamaa tuliyokwenda kuitembelea. Tulisema, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Karibuni, mwalimu." Alikuwa ameketi juu ya mkeka, na sahani ya vichwa vya asumini miguuni pake. Tulimwuliza kwa nini ayachume kabla hayajafumbua. Akacheka, akasema, "Ukilichuma limekwisha kufumbua, umelichuma limekwisha kufanya kazi. Lichume alasiri, ulitunge. Litafumbua kichwani mwa mtu."

Bibi huyo alitufundisha mengi. Asumini hutungwa katika uzi kuwa koja la shingoni au kishada cha nywele. Hufungwa pamoja na rehani na waridi kuwa kikuba, ambacho mwanamke hukichomeka katika nguo kifuani. Hutiwa katika mafuta ya nazi ili mafuta yachukue harufu yake. Hutandazwa chumbani mwa bibi arusi. Katika mambo haya asumini ina mwenzake, nayo ni kilua, ua la mkilua, mti wa asili ya pwani ya Kenya na Tanzania. Na hapa Kiswahili kilipata heshima: mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt wa bustani ya Kew, Uingereza, alipouandika mti huo katika vitabu vya elimu, aliona kwamba hauingii katika kundi lolote lililojulikana, akaliita kundi lake jipya Mkilua. Jina lililotoka kinywani mwa wanawake wa pwani sasa limo katika vitabu vya dunia yote.

Tulipotaka kuondoka, bibi yule alisema neno ambalo tulilichukua mpaka Temeke: "Anayekuja hapa na sahani tupu haondoki nayo tupu. Simwulizi asali wapi."

Kutoka Kinondoni tulipanda daladala kwa Barabara ya Kawawa. Pale Mkwajuni njia hushuka bondeni, katika bonde la mto Msimbazi. Bonde hili lina habari ya huzuni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wengi mjini, na mwezi wa Desemba 2015 serikali ilizibomoa nyumba nyingi zilizojengwa bondeni. Mahali palipokuwa nyua za watu pakawa vifusi. Twaomba msomaji akumbuke jambo hili, maana aliyehamishwa kwa haraka huchukua godoro, sufuria na watoto, mti hauchukuliki. Lakini tawi la urefu wa shibiri moja lachukulika, hata mkononi mwa mtoto.

Tulivuka, tukapita Ilala na Chang'ombe, tukafika Temeke, kisha Tandika. Hapo ndipo swali letu lilipokutana nasi uso kwa uso. Katika nyumba ya mama mmoja aliyebatizwa Pasaka tuliona mwasumini mkubwa, nusu yake imekatwa. Matawi yamelala mchangani, majani yameanza kunyauka. Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mama huyu si mwenye nyumba, ni mpangaji, naye alikaa hapo miaka mingi. Alitueleza hivi: "Mwalimu, nimeambiwa na wenzangu kwamba nikiacha mti huu, sijaacha ya zamani. Basi nilianza jana. Leo mkono umenishinda, maana mti huu nilipewa na jirani yangu nilipojifungua mtoto wa kwanza. Na Ijumaa binti yake anaolewa. Ameshaniambia atakuja kuchuma."

Tuliona kwamba mama huyu hakuwa na hofu ya mti. Hofu yake ilikuwa na pande mbili: kumkosea Mungu, na kumkosea jirani. Wala hatukutaka kumjibu kwa haraka.

Tulimkumbusha mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, katika barua yake ya kwanza, sura ya 8 na ya 10. Wakristo wa Korintho walikuwa na swali lililofanana sana na hili, juu ya nyama iliyouzwa sokoni, ambayo labda ilikuwa imetolewa sadaka kwa sanamu. Mtume aliwafundisha kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Mungu. Kwa hiyo waweza kununua na kula bila kuulizauliza. Lakini mtu akikuambia waziwazi kwamba chakula hiki kimetolewa sadaka, basi usile, kwa ajili ya dhamiri. Tena akaongeza kwamba ujuzi wako usiwe kikwazo kwa ndugu aliye dhaifu.

Tukiyapima mambo ya mwasumini kwa kipimo hicho, twaona njia iliyo wazi. Mti ulio uani ni kazi ya Mungu. Aliyeufanya unukie usiku ni yeye, si pepo. Ukiombwa maua ili yawekwe katika chano cha pepo, pamoja na ubani na vitu vingine vya uganga, hapo Mkristo akatae, na akatae kwa upole, bila kumtukana aliyeomba. Lakini ukiombwa maua ya arusi ya jirani, hiyo si ibada ya sanamu. Arusi ni jambo la heshima, na furaha ya jirani ni furaha ambayo Bwana wetu mwenyewe aliihudhuria Kana ya Galilaya. Na kama yuko ndugu mchanga katika imani ambaye bado moyo wake wasumbuliwa na ua hili, tusimdhihaki, wala tusimtungie kikuba kwa nguvu. Tumsubiri. Yeye naye asiingie katika ua wa mwenzake na panga.

Mama yule akauliza, "Na ya kitandani, mwalimu? Si ni aibu?" Tulimjibu kwamba ndoa takatifu haina aibu kwa kuwa ina harufu nzuri. Someni Wimbo Ulio Bora, mwone jinsi manukato na maua yalivyojaa humo. Na Kanisa halikuona haya kukihesabu kitabu hicho miongoni mwa Maandiko Matakatifu. Tena Mariamu wa Bethania alipompaka Bwana marhamu, Mwinjili Yohane hakusahau kutuambia kwamba nyumba yote ilijaa harufu. Aliyelalamika siku ile alikuwa Yuda.

Tena tazameni desturi za parokia zetu. Siku ya Ekaristi Takatifu watoto hutangulia maandamano wakimwaga maua njiani. Mwezi wa Mei twapamba sanamu ya Bikira Maria. Watoto hao huyatoa wapi maua yao? Wengi hawana fedha za kununua. Huyachuma uani kwao, na mara nyingi uani kwa jirani. Kwa hiyo tukiing'oa miasumini yote kwa jina la Kristo, tutakuwa tumemnyima Kristo mwenyewe.

Wakati tukisema hayo, jirani yule alibisha hodi, akaingia. Aliyaona matawi yaliyolala chini. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mwenzake, "Shoga, umeumwa?" Mama yule hakujibu. Sisi pia hatukuingilia, maana yako mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasemea. Baadaye waliinama wote wawili, wakaanza kuyachambua matawi, mabichi upande huu na yaliyokauka upande huu.

Lakini habari haikwishia hapo. Jirani ndiye aliyetuambia, bila uchungu, kwamba mwenye nyumba ameshapima uani ili ajenge vyumba vitatu vya kupangisha. Mwakani mahali pa mwasumini patakuwa ukuta. Basi tukatambua ya kuwa adui mkubwa wa mti huu katika viunga vyetu si dini ya mtu yeyote. Ni uani unaokwisha. Tangu siku ile tumeangalia zaidi, tukaona jinsi nyua nyingi za Temeke na Kinondoni zilivyomiminwa zege, wengine kwa kutaka usafi, wengine kwa kutaka kodi. Hatuwalaumu: watu wanahitaji pa kulala. Lakini mahali pasipo mchanga hapana mti, na mahali pasipo mti jirani hana sababu ya kuja na sahani.

Kwa sababu hiyo twaandika hapa namna ya kupanda, ili asiye na uani mkubwa asikate tamaa. Mwasumini huu ni nadra kuzaa matunda. Huongezwa kwa matawi. Kata tawi lisilo laini sana wala gumu sana, urefu wa shibiri, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha mawili au matatu ya juu. Changanya mchanga na samadi iliyooza vema, utie katika debe kuukuu au ndoo iliyotobolewa chini, uchomeke tawi hata vifundo viwili vizame. Liweke kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Baada ya majuma manne hadi sita litakuwa limeshika mizizi. Ndipo ulitoe juani polepole. Wakati mzuri ni wa mvua, masika au vuli. Njia nyingine ni kuliinamisha tawi lililo bado mtini, kulifukia katikati, na kulikata likiisha kutoa mizizi.

Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa sana. Maji ya visima vyenye chumvi, vilivyo vingi mjini kwetu, hayaupendezi. Basi kinga maji ya mvua. Maua yakipungua, kata ncha za matawi, kwa maana maua hutoka katika machipukizi mapya. Tena safisha chini ya kichaka. Wengi husema kwamba harufu ya asumini huita nyoka. Kichaka chochote kinene kilichoachwa kigusane na ardhi, chenye takataka chini yake, chaweza kuwa maficho. Ukikipogoa chini na kufagia, utakuwa umeondoa maficho hayo, na mti utabaki.

Mama wa Tandika sasa ana madebe manne mlangoni. Mawili ameyaahidi kwa wenzake wa jumuiya, wakiwamo wale waliomshauri kukata. Moja ni la jirani. La nne ni lake mwenyewe, atakalolichukua popote atakapohamia. Ijumaa ile maua yalichumwa katika nusu ya mti iliyobaki, nayo yalikuwa machache. Bibi arusi alivaa kishada kimoja badala ya viwili.

Basi, ndugu wapenzi, shauri letu ni hili. Ukiwa na mwasumini, usiung'oe kwa ajili ya ubatizo wako. Ukiwa na mahali, hata pa debe moja, omba tawi kwa jirani. Nawe ukiombwa, toa. Wazee wamesema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Imani yetu nayo na ijulikane vivyo hivyo katika mitaa tukaamo: jirani asiye wa dini yetu apite jioni penye ua wetu, aone kwamba tangu tulipobatizwa mlango haujafungwa, na sahani yake haikurudi tupu.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.